Ruta ya Watu Juu ya Kabati Langu

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na mgeni wa miaka mitatu, amekaa juu ya kabati la vyombo, anakula umeme mchana na usiku, na jembe hajui hata linashikwa upande gani. Mgeni mwenyewe ni ruta ya intaneti. Nyeupe iliyogeuka njano kama jino la mvuta tumbaku, antena mbili, moja imevunjika shingo tukaifunga plasta ya kidonda. Chini yake kuna kibandiko: mali ya kampuni, ni marufuku kuifungua. Nyumba ni yangu, umeme nanunua mimi, kabati nililipia, hata vumbi ni la kwangu hapa Kabezi. Ruta tu ndiyo ya watu.

Walipokuja kuifunga, walipanda juu ya mabati wakasimika sahani ndogo inayotazama mnara, kisha wakateremsha waya hadi dirishani. Tangu siku hiyo dirisha halifungi. Mbu wa ziwani wanapita pale pale unapopita mtandao, na wao hawalipi kwa mwezi.

Ningevumilia yote kama kitu chenyewe kingefanya kazi. Kinafanya, lakini kina hedhi. Kila mwezi zinafika siku kama sita, saba hivi, ambazo usiku intaneti inakufa. Picha ya mjukuu inashuka nusu: unaona paji la uso na macho, pua utaiona kesho. Wiki ikipita, kitu kinafufuka chenyewe, bila dawa. Nikasema hii ruta imezeeka, ina ugonjwa wa vipindi kama malaria.

Nikapiga simu kampuni. Kirundi bonyeza moja, Kifaransa mbili, Kiingereza tatu. Kiswahili hakikupewa tarakimu, kwa hiyo nikalazimika kugomba kwa Kifaransa, lugha ambayo hasira yangu haikuisomea. Binti wa upande wa pili ana dawa moja tu: zima, hesabu hadi thelathini, washa. Nimehesabu thelathini mara nyingi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Nikimwambia hali ni ile ile, ananiahidi fundi.

Fundi yuko Bujumbura, kilomita ishirini na kitu kwa barabara ya Rumonge. Leo hakuna mafuta, kesho gari limeharibika, keshokutwa mvua. Nanyi mnajua pale njiani Mugere kuna lile jiwe la Livingstone na Stanley, limeandikwa tarehe 25 Novemba 1871. Stanley alitoka pwani kwa miguu, hana ramani ya kueleweka, hana simu, na bado akampata mtu wake Ujiji, kisha wakapata na wasaa wa kuja kutembea huku kwetu. Mimi nina namba ya simu ya fundi, nina namba ya mkubwa wake, na sijampata.

Shemeji yangu anaishi Ujerumani. Siku moja mtandao ulipokuwa mzima nikamlilia. Akacheka. Kwao, anasema, tangu tarehe 1 Agosti 2016 sheria inamruhusu mteja kufunga ruta anayoitaka mwenyewe, na kampuni haiwezi kumlazimisha ya kwake. Inatakiwa impe na maneno ya kuingilia. Nikakata simu nikiwa na uchungu wa kihistoria. Wajerumani hao hao si walikuwa hapa, wakitutawala, hadi Wabelgiji walipowafukuza 1916? Wangevumilia miaka mia moja tu zaidi!

Basi nikaamua kujitungia sheria. Nikaenda Buyenzi, maana huko angalau ninaweza kupatana bei kwa Kiswahili. Muuzaji akanitolea ruta nyeusi yenye antena nne zilizosimama, mfano wa mende aliyelala chali. "Mzee, hii inatoa mawimbi mawili. Hili dogo linapenya kuta, hili kubwa lina kasi lakini ukuta wa matofali unalichosha." Nikamwambia hata mimi kuta zinanichosha. Tukapatana. Sitataja bei, Mama watoto anasoma safu hii.

Kazi ya kufunga nikampa mpwa wangu aliyekuja likizo. Vijana hawa hawasomi maelekezo. Wanatazama kitu, kitu kinawaogopa. Alipoinua ruta ya zamani kutoka kabatini, nyuma yake pakadondoka mayai mawili ya mjusi, meupe, ya mviringo kama vidonge. Kumbe kwa huo umeme wote nimekuwa nikiatamia mayai ya mijusi.

Akachomoa waya, akauchomeka kwenye tundu la ruta mpya lenye rangi ya peke yake. Taa ikawaka nyekundu. Akazima, akawasha. Nyekundu. Mimi nikahesabu thelathini kwa mazoea. Nyekundu.

"Mjomba, mtandao wao haumjui huyu," akasema.

"Hamjui vipi? Si nimemnunua?"

Akanieleza, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu nikaelewa. Kila kifaa cha mtandao huzaliwa na namba yake, anwani ya MAC, herufi na tarakimu kumi na mbili. Kampuni imeandika kwake namba ya yule mzee wa njano tu. Akija mwingine kwenye waya ule, hata awe na antena mia, hafunguliwi mlango. Dawa ni kumwandikia mgeni namba ya yule wa kwanza.

Namba hiyo iko kwenye kibandiko cha chini, na kibandiko kimepakwa moshi wa jikoni na mafuta ya mawese. Nikashika tochi ya simu, mpwa akasoma huku akikuna kwa ukucha. Ya saba ikatugomea. Mimi naona nane, yeye anaona B. Tukaandika nane: nyekundu. Tukaandika B: taa ikapepesa mara tatu, ikatulia kijani. Mama watoto akapiga kigelegele. Mimi nikamtazama marehemu sakafuni, nikaona haya kidogo. Ruta yangu mpya inatembea na kitambulisho cha maiti.

Mpwa akamalizia. "Nimeacha jina la wifi na neno la siri yale yale ya zamani, mjomba. Ili simu zenu zote zijiunge zenyewe, msihangaike."

Nikamsifu. Kijana ana akili, nikasema, amemtoa mamaye.

Hii ruta mpya ina kitu ambacho ile ya kampuni ilitufungia: inaonyesha orodha ya waliomo. Jioni ile nikafungua nijionee simu yangu, ya mke wangu na ya mpwa. Tatu. Nikakuta ishirini na tatu. Tecno, itel, Tecno, Infinix, Samsung iliyojiita "Fundi Nyavu", televisheni moja. Sisi hatuna televisheni ya kuingia mtandaoni.

Nikatoka nje. Mbalamwezi kama mchana, ziwa limelala, na hakuna taa hata moja majini. Ndipo akili ikafunguka. Wavuvi wetu huwavuta ndagala, dagaa wa ziwani, kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, boti zinalala mchangani. Na wenye boti wako wapi? Wako nyuma ya ukuta wangu, wamekaa kwenye mitumbwi iliyopinduliwa, nyuso zinang'aa buluu, wanatazama mpira. Ugonjwa wa vipindi! Ruta ya watu imesingiziwa bure. Aliyeisingizia ni mimi.

Nikarudi ndani nikiunguruma kwamba neno la siri linabadilishwa usiku huu huu. Mpwa akashika simu, tayari.

"Na nani aliwapa?" nikauliza.

Mama watoto hakuinua macho kwenye sinia. Alikuwa anachambua ndagala, wabichi, wa kung'aa, rundo ambalo sikumbuki kutoa faranga ya kulinunua. Nikawatazama wale ndagala. Nikakumbuka na wa wiki iliyopita. Na mukeke wa Idi.

"Nibadilishe, mjomba?"

Nikamwambia aachane nayo kwanza, tule. Kwenye kalenda mwezi unaanza kupungua Jumatano.