Mpendwa Mteja

Katika umri wangu wa miaka sitini na minne nimekwisha kuaibika kwa njia nyingi, nyingine za kujitakia na nyingine za kuletewa, lakini sikupata kudhani hata siku moja kwamba itakuja asubuhi ambayo mama mkwe wangu, mwanamke wa Kayenze asiyepanda gari ila kwa msiba au harusi, atapanda daladala ya kwanza mpaka Kirumba, asimame mlangoni pa ghala letu la dagaa na fedha zimefungwa katika pindo la kanga, akatae kiti, akatae chai, kisha aniulize mbele ya wapagazi na wanunuzi kutoka Burundi ni hatua gani za kisheria nilizoazimia kumchukulia.

Ili msomaji asinihukumu kabla ya kusikia ushahidi, sina budi kurudi nyuma kidogo. Mimi ni mtu wa Pangani, niliyeletwa Mwanza na kazi ya ukarani, nikaoa huku, nikazaa huku, na nilipostaafu nikatia sehemu ya kiinua mgongo changu katika biashara ya shemeji yangu pale Kirumba Mwaloni, soko ambalo harufu yake hukupokea kabla hujafika na hukusindikiza mpaka nyumbani. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, huanikwa juani katika mialo ya Igombe, Kayenze na visiwani, wakaletwa Kirumba kwa magunia, na kutoka hapo husafiri hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Walionyeshewa na mvua kabla ya kukauka, aghalabu huishia kuwa chakula cha kuku.

Huvuliwa usiku wa giza. Zamani ilikuwa kwa karabai, siku hizi ni kwa taa za betri na za nguvu za jua. Taa huelea juu ya maji, dagaa hughurika kwa nuru na kukusanyika, na nyavu zikafanya kazi yake. Lakini mwezi unapopevuka nuru yake huzitahayarisha taa zote za wavuvi, na mitumbwi ikapumzika. Hizo ndizo siku za mbalamwezi, siku za kushona nyavu, kulala na wake na, jambo lililo muhimu katika kisa hiki, kulipana madeni.

Sasa balaa lenyewe. Mwezi mmoja daftari la ghala lilisema magunia 212 yameingia. Daftari langu, ambalo huandikwa kwa mwandiko wa karani aliyepigwa fimbo akiwa mdogo, likasema magunia 171 yameuzwa. Kwa hesabu ya mtoto wa darasa la tatu yangebaki 41, ilhali ghalani mlikuwa na 26. Mwezi uliofuata ikawa kinyume, tukazidiwa na magunia tusiyojua yametoka wapi, na ziada hiyo ikatutia hofu kuliko upungufu, kwa kuwa mwizi anayeiba tunamfahamu, lakini mwizi anayerudisha ni kiumbe wa ajabu. Macho yote yakamwelekea kijana wa ghalani. Hatukumwambia neno, ila tukaanza kumtazama, na kijana wa watu, kwa kuona anatazamwa, akaanza kutembea kama mwizi.

Hapo ndipo neno *mfumo* lilipoingia ndani ya ghala. Shemeji yangu, ambaye hununua kila kitu, alisema tununue mfumo wa kompyuta ulio tayari. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyehitimu masomo ya kompyuta na ambaye tangu ahitimu alikuwa akila kwangu, alisema tuutengeneze wenyewe. Wakabishana jioni nzima.

“Shemeji,” alinigeukia mwenzangu, “nani ziwani hapa anafuma nyavu zake mwenyewe siku hizi? Nyavu zinanunuliwa dukani.”

“Na zikiwa za dukani, Mjomba,” akadakia mpwa wangu, “macho yake kapima mtu mwingine kwa samaki wengine.”

Mimi, kwa kuwa neno mfumo lenyewe limetokana na kufuma, niliwaona wote wawili wana haki, jambo ambalo ni udhaifu wangu wa siku nyingi.

Nikawakumbusha kuwa mabishano hayo hayakuanzia Kirumba. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, nchi ikiwa bado changa, na hesabu za Serikali zikavurugika kiasi kwamba mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini, adhabu ambayo mpaka leo naiona kama ya mtu aliyeungua ulimi kwa uji akaamua kuvunja vyungu vyote vya kijiji. Shemeji yangu akasema enzi hizo zimepita, na kwamba Serikali hiyo hiyo baadaye ilinunua EPICOR ya wageni kwa ajili ya hesabu zake. Mpwa wangu akajibu kwamba ndiyo, ilinunua, kisha ikaiacha, ikajitengenezea MUSE kwa mikono ya Watanzania. Ilikuwa na TANePS ya kununuliwa kwa ajili ya zabuni, nayo mwaka 2023 ikaipisha NeST iliyotengenezwa nyumbani. Shemeji akasema Serikali ina wataalamu na ina kodi, wewe una nini? Mpwa wangu akanitazama mimi. Nikajua kwamba alicho nacho ni mimi.

Tulianza kwa kununua, kwa sababu shemeji ndiye mwenye hisa nyingi. Mfumo ule ulitoka nchi ya mbali, ukilipiwa kwa dola kila mwezi, na kwa hakika ulikuwa mzuri wa sura. Uliniuliza dagaa wangu ni vipande vingapi. Haukuijua ndoo, wala debe, wala gunia. Nikaandika kwamba gunia ni kipande kimoja, na mteja wa kwanza akataka nusu gunia, mfumo ukakataa kata kata kuamini kwamba kipande chaweza kuwa nusu. Uliniuliza tarehe ambayo bidhaa itaharibika, na alama ya mistari iliyopigwa juu yake. Baada ya kunihoji kwa muda wa saa moja, ukaamua kwa busara zake kutuweka katika kundi la wauzaji wa chakula cha paka.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini mbalamwezi ilipofika, mitumbwi ikalala, dagaa wakaadimika na bei ikapanda kama ipandavyo tangu enzi za mababu, mfumo ukaingiwa na kiwewe. Ukatuandikia kwa herufi nyekundu kwamba mauzo yetu yameporomoka, na ukatunasihi tupunguze bei upesi ili kuwavuta wateja. Shemeji yangu, ambaye hana elimu ya darasani ila hajapata kuuza dagaa kwa hasara, aliusoma ushauri ule mara mbili, akavua miwani, akasema, “Huyu atatufilisi.”

Zamu ikawa ya mpwa wangu. Alikuja na wenzake wawili kutoka Nyakato, wakasema kazi ni ya wiki sita. Walikaa miezi saba. Wakala sato wangu, wakamaliza umeme wangu, na kila nilipouliza kazi imefika wapi niliambiwa imefika asilimia tisini, nikajifunza kwamba asilimia kumi ya mwisho ya programu ni sawa na maili ya mwisho ya mtu anayeuona Mwamba wa Bismarck akiwa ndani ya mtumbwi uliokwisha mafuta.

Siku moja mpwa wangu aliniuliza, “Mjomba, mwezi mmoja wa biashara una siku ngapi?” Nikasema thelathini. Shemeji akasema ishirini na tisa, au thelathini, mpaka uonekane. Hapo moyo wangu wa Kipwani ukazinduka, kwa maana sisi wa Pangani tumelelewa na mwezi: huo ndio utupao bamvua na maji mafu, ndio utwambiao lini tufunge na lini tufungue. Ziwa halina maji kujaa wala kupwa ya kuonekana kwa macho, lakini mwezi ni ule ule, wa siku ishirini na tisa na nusu, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa kalenda kwa siku kumi na moja, hata kila baada ya miaka mitatu hivi unazidi mwezi mzima. Nilieleza haya kwa ufasaha ambao sijapata kuurudia. Vijana wakasikiliza kwa adabu, kisha mkubwa wao akasema kompyuta haiwezi kukaa uwanjani kungojea mwezi uandame. Wakaandika thelathini, wakaendelea kula.

Mfumo ulifunguliwa siku ya Jumatatu. Ulijua ndoo, ulijua debe, ulijua hata lumbesa. Mpwa wangu aliongeza na jambo moja ambalo hatukumwomba, kama wafanyavyo vijana wakitaka kushukuriwa, yaani kwamba mteja ambaye deni lake limepita muda atumiwe ujumbe wa simu na mfumo wenyewe. Mwezi wa kalenda ukaisha, mwezi wa mbinguni ukiwa bado na siku nne kujaa, na saa tisa za usiku, mji mzima umelala, mfumo ukaamka peke yake, ukawaona watu 63 kuwa wote ni wadeni sugu, ukawaandikia hivi: “Mpendwa mteja, deni lako limepitiliza muda. Usipolipa ndani ya saa 24 hatua za kisheria zitachukuliwa dhidi yako. Tunathamini uhusiano wetu.”

Katika hao 63 alikuwamo mwenyekiti wa mtaa. Alikuwamo mnunuzi mmoja wa Burundi ambaye ndiye aliyetulisha mwaka mzima. Alikuwamo shemeji yangu mwenyewe, aliyechukua magunia mawili katika ghala lake bila kulipa, naye akanipigia saa tisa na robo akiuliza kwa sauti ya mtu aliyejeruhiwa, “Shemeji, umenishitaki?” Na alikuwamo, kwa ndoo mbili za dagaa wa kuku, mama mkwe wangu.

Narudi basi mlangoni pa ghala. Heshima baina ya mkwe na mama mkwe ni jambo zito huku kama ilivyo kwetu, na mimi katika miaka thelathini na mitano sikupata kumtazama usoni kwa muda uzidio salamu. Asubuhi ile nilitazama miguu yake.

“Nilichukua ndoo mbili,” alisema. “Binti wenu wa mwaloni akaandika kwenye kifuniko cha boksi. Nikamwuliza, nilipe lini? Akasema, mwezi ukijaa. Mkwe wangu, mwezi umejaa?”

“Bado, Mama.”

“Basi ni nani anayesema nimechelewa?”

Wapagazi waliacha kupakia. Nikaanza kumweleza habari za mfumo, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia upumbavu wa maneno yangu, hata nikafika mahali pa kusema kwamba binti wa mwaloni hufunga daftari lake mwezi ukijaa, kijana wa ghala vilevile, nami hufunga langu tarehe 30. Hapo nikanyamaza, maana nilikuwa nimeyasikia masikio yangu yakiambiwa jambo na kinywa changu. Kwa mwaka mzima tulikuwa tukitoa mauzo ya mwezi mmoja katika mapokezi ya mwezi mwingine, na tofauti yake tukaiita wizi. Juu ya hayo kulikuwa na kifuniko cha boksi, ambacho hakikupata kufika katika daftari lolote.

Mama akaketi, bila kukaribishwa tena. Akasema baba yake alikuwa mkulima wa pamba, na yeye akiwa msichana mdogo alikuwa akifuatana naye kwenda kuuza. Wakulima walikuwa wakinung’unika kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia, basi wakamsimamisha mtu wao kando ya mizani, asome kwa macho yake. “Hawakununua mizani nyingine,” alisema, “wala hawakuichonga.” Baadaye nilikumbuka kwamba manung’uniko hayo ya mizani ndiyo yaliyozaa vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa chini ya Paul Bomani, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa shirikisho moja kubwa lenye makao yake hapa Mwanza, lakini sikuthubutu kumfundisha mama mkwe historia aliyoiona.

Siku ile ile tuliyafunga madaftari yote matatu. Tukanunua kauntabuku moja, tukaifunga kwa kamba mlangoni pa ghala pamoja na kalamu yake, kwa sababu kalamu Kirumba zina miguu. Hakuna kitu kiingiacho wala kitokacho kisichosomwa kwa sauti na mmoja na kuandikwa na mwingine, ndoo za mama mkwe zikiwamo, na hesabu hufungwa na wote usiku wa mbalamwezi. Mwezi wa kwanza yaliingia magunia 188, yakatoka 150. Nikaenda ghalani mwenyewe na taa, nikahesabu 38, nikayahesabu mara ya pili kwa kutoamini. Kijana wa ghalani alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilimtaka radhi, naye akasema hapana shida, Mzee, lakini tangu siku hiyo hunihesabia magunia kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyo lazima.

Mpwa wangu hakukata tamaa. Alitengeneza programu nyingine, ndogo, ya ukurasa mmoja, ambayo hunakili kauntabuku na kila jioni huuliza swali moja tu: mwezi umejaa? Shemeji yangu hutoka nje, hutazama juu ya ziwa, hurudi na kubonyeza ndiyo au siyo. Anaipenda kazi hiyo kuliko zote.

Limebaki jambo moja. Ule mfumo wa kwanza wa mpwa wangu, tuliokwisha kuufuta, kumbe kipande chake kimoja kingali hai mahali fulani ambako wenyewe wameshindwa kukiona, na kila baada ya siku thelathini, saa tisa za usiku, kinamwandikia mtu mmoja tu. Nilimpelekea mama mkwe salamu za kuomba msamaha, nikaahidi kwamba vijana wanalishughulikia. Wiki iliyopita alimtuma mjukuu wake aniambie wasijisumbue, kwa kuwa hapana mtu mwingine amwitaye mpendwa tangu marehemu mumewe, ila mwezi huu umechelewa kwa siku mbili, na yeye angependa kujua sababu.