Mpeleke Shemeji Kericho

Una shemeji anayeshika fimbo ya gofu kama mtu anayefukuza nyoka, na likizo imefika? Usimtie aibu kwenye klabu ya Muthaiga mbele ya wakubwa. Mpeleke Kericho. Uwanja una mashimo 9, kwa hiyo mateso ni nusu, na akirudi kazini hakuna atakayemuuliza alipiga mara ngapi. Wataomba kuona picha za mashamba ya chai.

Kericho iko juu, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huenda mbali kuliko kule Mombasa. Kwa fundi, hiyo ni baraka. Kwa shemeji, maana yake ni kwamba mpira uliopotoka utapotelea mbali zaidi. Na ukiangukia kwenye chai, basi: michai hukatwa juu ikawa tambarare, kimo cha kiuno, imeshikana matawi hata jua halioni udongo. Mpira uliozama humo umeshakuwa mbolea. Bahati nzuri, tangu 2019 sheria inaruhusu kuutafuta kwa dakika 3, si 5 tena. Zile 2 zilizobaki shemeji huzitumia kulaumu fimbo.

Halafu kuna mvua ya alasiri, rafiki mkubwa wa mchezaji dhaifu. Mawingu yakianza kujikusanya, uso wake unachanua. “Leo ningewanyoosha, ni vile tu mvua!”

Shemeji yangu nilimweleza kwamba tangu 2020 handikapu ya juu kabisa, yaani mapigo ya nafuu anayopewa mchezaji dhaifu, ni 54. Akauliza kama haiwezi kuongezwa kidogo.