Barua ya wazi kwa Mfalme wa Pori

Butembo, Kivu ya Kaskazini

Kwa Mheshimiwa Noël Ngiama Makanda, Werrason, Mfalme wa Pori, Kinshasa

Kuhusu: ombi dogo juu ya Wenge Musica 4x4 BCBG, iliyopasuka Desemba 1997

Mheshimiwa Mfalme,

Kwa heshima zote unazostahili, pamoja na zile za akiba nilizoweka kando kama hizi hazitatosha, naomba ruhusa ya kukuandikia. Barua ya mtu wa Butembo hufika Kinshasa kwa ndege, na ndege ni ya wenye nazo. Ndiyo maana hii naiacha wazi: atakayeiona wa kwanza na akufikishie.

Kabla ya yote naomba radhi kwa kutanguliza jina lako. Nilitaka kuwaandikia nyote wawili, wewe na Souverain Premier JB Mpiana, ila sikupata namna ya kuweka majina mawili kwenye mstari mmoja bila moja kutangulia. Nilijaribu kuyapanga moja juu ya jingine. Akapatikana wa juu na wa chini. Basi yeye nimemwekea nakala, nawe nakusihi usilihesabu hilo kuwa ushindi.

Historia yenyewe uliiimba, sina cha kukufundisha. Lakini huku kwetu kuna vijana wanaodhani Wenge ni jina la ukoo tu, kwa hiyo niruhusu niwakumbushe wao. Didier Masela aliianzisha Wenge Musica mjini Kinshasa mwaka 1981. Zikaja albamu za Bouger Bouger, Kin e Bouge, Kala-Yi-Boeing ya 1993, Pleins Feux ya 1996. Mwaka 1997 JB Mpiana akatoa Feux de l'amour kwa jina lake mwenyewe, ikapendwa kupita kiasi, na jina la mtu mmoja likaanza kusomeka kubwa kuliko la orkestra. Desemba haikuisha kabla hamjaachana. Wewe, Masela na Adolphe Dominguez mkaenda na Wenge Musica Maison Mère. JB akabaki na akina Blaise Bula na Alain Mpela, na Wenge BCBG yao.

Albamu yenu ya kwanza mliiita Force d'intervention rapide, yaani kikosi cha kuingilia haraka. Ilikuwa 1998. Sitaki kusema kwamba kuna uhusiano wowote, Mheshimiwa, ila Agosti ya mwaka huo huo na sisi huku tuliingiliwa na majeshi, tena kwa haraka kweli. Butembo ikakatwa na Kinshasa. Kanda zenu zikawa zinatufikia kwa kuzunguka Uganda na kuingilia Kasindi, pamoja na sabuni na mafuta ya taa.

Hapo naomba msamaha mkubwa zaidi, kwa maana nitaweka waimbaji na wenye bunduki kwenye aya moja. Sikulinganishi na yeyote. Ninaeleza tu kwa nini sisi wa Butembo tuliuelewa ugomvi wenu haraka kuliko watu wa Bandal kule Kinshasa. RCD, kundi la waasi, ilizaliwa Goma mwaka 1998. Mei 1999 ikapasuka, Profesa Wamba dia Wamba akahamia Kisangani na RCD yake. Baadaye Mbusa Nyamwisi akaichukua hiyo ya Kisangani, makao yakawa Beni, hapa jirani. Roger Lumbala naye akawa na RCD-National. Kila aliyetoka alitoka na herufi zile zile tatu, akazitia mkia wake. Wakati huo huo, kwenye redio moja, tulikuwa tunasikia Wenge hii na Wenge ile. Nganda, yaani baa, ilikuwa na meza ya Werrason na meza ya JB, na mwenye kuweka muziki kwenye ndoa alijua kwamba akipiga wimbo wa huyu, lazima afuatishe wa yule kabla bia haijaanza kuruka.

Kwa nini hakuna aliyebuni jina jipya? Nadhani unajua kuliko mimi. Jina ndilo analolipia mwandalizi wa konseri. Jina ndilo analotaka kusikia limetajwa pamoja na lake yule mfanyabiashara anayelipia mabanga, yaani kutajwa ndani ya wimbo. Na sisi watu wa Butembo, ambao wakubwa wetu hununua bidhaa Dubai na Guangzhou, tunaijua vizuri thamani ya alama iliyobandikwa kwenye katoni. Hata kwa waasi ilikuwa hivyo: aliyebeba herufi ndiye aliyeitwa kwenye mazungumzo. Anayetoka bila jina huanza sifuri, awe na sauti nzuri namna gani.

Basi kwa unyenyekevu nauliza habari za Masela. Jina alilianzisha yeye. Alitoka nalo pamoja nawe, na muda haukupita akatoka tena. Adolphe akatoka na Wenge Tonya Tonya. Wazee watatu waliojenga Maison Mère, yaani Nyumba Mama, akabaki mmoja, na huyo mmoja ni Mfalme, hongera. Mwaka 2004 Ferre Gola, JDT Mulopwe na Bill Clinton Kalonji nao wakaondoka, wakajiita Les Marquis de Maison Mère. Wamehama nyumba na bado wameondoka na kibao cha mlangoni! Sithubutu kusema walijifunza kwa nani.

Haki lazima isemwe, na naisema nikiwa nimesimama: mpasuko ule ulitupa miaka ya shibe. Solola Bien ya 1999 hakuna aliyeikalia kitini. Mwaka 2000 uliujaza ukumbi wa Bercy kule Paris, na mwaka uliofuata JB naye akaenda kupanda jukwaa lile lile, maana asingeweza kulala. Lakini kwa maoni yangu, ambayo unaweza kuyatupa, sebene za gitaa zilizidi kurefuka, atalaku, wale wachochea dansi, wakazidi kupaza sauti, majina ya walipaji yakazidi kujaa, na kile kilichokuwa Kala-Yi-Boeing hakikurudi kwa mmoja wenu: zile sauti nne tano zinazopandana bila kusukumana, kila moja ikijua pa kuingia na pa kunyamaza. Mkuu hanyamazi. Na tangu 1997 kila upande ulikuwa na mkuu.

Wenye bunduki walitia sahihi mkataba wa amani mwishoni mwa 2002, na mwaka 2003 wakakaa serikali moja Kinshasa, rais mmoja na makamu wanne. Ninyi mlifika pamoja Stade des Martyrs tarehe 30 Juni 2022. Miaka 24 na nusu! Kwa gitaa! Huku kwetu siku hiyo ya uhuru tulikuwa tumeshamaliza mwaka mzima chini ya hali ya kuzingirwa, iliyoanza Mei 2021, na utawala wa raia ulikuwa mikononi mwa wanajeshi na polisi. Tuliwatazama kwenye simu. Tulifurahi, usidhani hatukufurahi.

Ombi langu sasa, Mheshimiwa. Usiku mmoja wa uwanja si orkestra. Ingieni studio, wote mlio hai na wenye koo, mtoe albamu moja yenye jina la Wenge Musica bila mkia, na jina la Masela lianze kwenye jalada. Kisha mje Butembo na Beni pamoja, si mmoja mwezi huu na mwingine mwezi ujao, kwa sababu kuchagua meza tumechoka. Na kwa kuwa wewe ni Mfalme wa Pori, naomba kwa woga kabisa kujua kama mipaka ya ufalme wako inafika kwetu. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na wauaji hurudi porini. Mwenye shamba la kakao hajui kama ataivuna. Kama pori hilo halimo kwenye ufalme wako, tutaelewa. Leta, yaani serikali, pia husema hivyo mara nyingi, kwa maneno mengine.

Ukikubali kuja, suala la nani apande jukwaani wa kwanza tutalimaliza kwa kupiga kura ya karatasi mbele ya wazee, na karatasi zitakunjwa sawa.

Nikiinama hadi chini,

Msikilizaji wako wa Butembo

Nakala kwa taarifa:
Souverain Premier JB Mpiana (aisome kabla yako au baada yako, apendavyo)
Mzee Didier Masela, mwenye jina
Wenye nganda wote wa Butembo, kwa utekelezaji