Mheshimiwa Inadequately

Kuna waliosifia chai, kuna waliosifia kanga, na hata daladala imepata washairi wake. Mimi ninayeishi kwa kuhariri taarifa za miradi naona kuna deni halijalipwa: hakuna aliyekisifia kielezi cha Kiingereza "inadequately", yaani isivyotosheleza, kinachonipa ugali mchana na kuninyima usingizi usiku. Leo nakivika joho.

Ukoo wake ni mkubwa. "Insufficiently" ni pacha wake, hutumwa panapotajwa fedha. "Poorly" anaeleweka mno, ndiyo maana haalikwi kwenye vikao. "Barely" na "scarcely" hutoka kwenye vitabu vya sarufi mara moja moja, wakirudi hawaagi. Mtundu wao ni "hardly". Kila msimu wa ajira yupo kijana anayeandika kwenye barua yake ya maombi "I work hardly", akidhani anajisifia bidii, kumbe anakiri kwamba kazi haigusi. Huyo ningemwajiri. Wenzake wanaficha.

Lakini fadhila kuu ya Mheshimiwa ni ukarimu: humpa uhai asiyekuwepo. Huwezi kusema mtu amekula isivyotosha bila kukubali kwamba amekula. Nina taarifa hapa mezani: "Six latrine stances were inadequately constructed." Matundu sita ya vyoo, shule ya msingi. Ukiisoma sentensi hiyo unaziona kuta, unaliona bati, pengine na mlango unaogoma kufunga. Picha iliyobanwa nyuma ya taarifa inaonyesha shimo, rundo la tofali zilizoota majani, na mbuzi. Kielezi kimoja tu, shimo limepandishwa cheo likawa choo, na mbuzi akawa mnufaika wa mradi. Kwa kipimo hichohicho mimi ni mbunge, ila nimechaguliwa isivyotosheleza. Nina ghorofa Masaki, limejengwa isivyotosheleza. Na Mlima Kilimanjaro nimeupanda mpaka kilele cha Uhuru, isivyotosheleza, nikaishia stendi ya Moshi.

Nilijaribu kuihamishia fadhila hii nyumbani. Nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba kodi ya mwezi imelipwa isivyotosheleza. Akaniuliza, "Shilingi ngapi, baba?" Hajawahi kuhudhuria semina hata moja, mama wa watu.

Ana haya pia, Mheshimiwa. Hupenda sentensi zisizo na mtenda: matundu "yalijengwa", basi, aliyejenga hatajwi, aliyekula saruji ndiyo kabisa.

Na ni salama. Mwishoni mwa 2018 Profesa Mussa Assad, wakati huo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akihojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa, alisema kwamba Bunge kutochukua hatua juu ya ripoti zake ni udhaifu. Nomino tupu, ya Kiswahili, inayoeleweka mpaka kijiweni. Januari 2019 akaitwa mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Alishaeleza kwamba neno hilo ni la kawaida katika lugha ya ukaguzi. Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Angesema ripoti zake zinashughulikiwa "inadequately", nadhani watu wangeendelea na chai.

Somo hilo mimi sikulishika. Pembeni mwa ile sentensi ya vyoo niliandika: "Vyoo havipo." Ikanirudia na wino mwekundu: tumia lugha ya kistaarabu. Lugha ya kistaarabu! Watoto wanavuka barabara kuu kwenda kuomba choo kwa majirani, wasichana wakiwa kwenye siku zao wanabaki nyumbani, halafu mimi nikae nitafute kielezi. Aliyekula saruji yupo, ana jina, ana namba ya simu. Na ile safu ya fedha zilizotumika haina kielezi hata cha dawa: mia kwa mia. Wafadhili nao si vipofu. Wanasoma, wanapiga mstari, wanaandika pembeni kwamba wameona, kisha wanaleta fedha za awamu ya pili, ambayo kazi yake ni kukamilisha kilichojengwa isivyotosheleza.

Samahani, nilikuwa nasifu.

Taarifa ilizinduliwa hotelini, kwa sambusa na hotuba. Vyoo vilitajwa kwa Kiingereza safi, vikapigiwa makofi. Jioni tukapanga foleni ya kusaini posho. Mkuu wangu, yuleyule wa wino mwekundu, akapokea bahasha yake, akazihesabu noti, akarudia kuzihesabu huku akilowesha kidole kwa ulimi, kisha akamwinamia mhasibu.

"Dada, hapa haijatimia. Pungufu elfu ishirini. Nani kaichukua?"