Njaa ya Saa Saba Usiku

Dar es Salaam ya leo, mtu asiye na klabu ya jogingi huulizwa kama anaumwa. Kila mtaa una klabu yake, na kila klabu ina fulana zake, nyimbo zake na mama wa mbele mwenye filimbi. Sisi hukimbia jioni baada ya kazi. Tunaanzia Coco Beach, tunapanda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na ambalo klabu yetu imelipiga picha kuliko ilivyolikimbia, kisha tunageuza. Kwa hiyo tunamalizia palepale kwenye mihogo ya kukaanga. Aliyepanga njia hii namheshimu, lakini simwelewi.

Kocha hutoa onyo lilelile kila siku: hakuna mihogo, hakuna mishkaki, nyumbani mkale chepesi. Tunamtii bila taabu, maana mtu akitoka kukimbia kwa nguvu mara nyingi hata njaa haisikii. Homoni ya njaa, ghrelini, hushuka kwa muda baada ya mazoezi makali. Basi unaipita mihogo pua juu, unamhurumia aliyekaa na kachumbari yake, unafika nyumbani unakula tango na yai la kuchemsha, unalala ukijisifu. Tumbo halijasamehe, limeahirisha tu. Saa saba usiku linakuja kudai, na halitaki tango.

Na hesabu yenyewe inauma. Kukimbia huunguza takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili, kwa kila kilomita. Mimi nina kilo 80, hivyo siku ya kilomita 6 nimeunguza kama 480. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Yaani jasho lote lile, na upepo wa bahari ukinirudisha nyuma pale darajani, ni vijiko vinne vya mafuta. Mtazame kijana wa chipsi mayai anavyomimina yake, halafu niambie kama umeona kijiko.

Klabuni kila mtu ana lake. Mhasibu wetu anaficha karanga kwenye gari. Mama wa filimbi humwagiza bodaboda chipsi kuku za wageni, wageni ambao majirani hawajawahi kuwaona. Mimi nilikuwa na friji, na mambo yalikwenda vizuri hadi mama mkwe alipokuja kutoka Tanga kumwona mjukuu.

Usiku ule kulikuwa na kiporo cha wali wa nazi na samaki wa kupaka, mkono wake mwenyewe. Nilisimama mbele ya friji iliyo wazi, kikoi kiunoni, fulana ya klabu imeandikwa AFYA KWANZA kifuani, nikila kwa mkono kutoka kwenye sufuria. Nikasikia kandambili. Nageuka, mama mkwe huyu hapa, kashika ufagio.

Kwa mkwe huwezi kunyamaza. Nikasema "Shikamoo mama," na wali ukatoka pamoja na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani paka," akasema. Akaisoma fulana taratibu, herufi kwa herufi. "Kula, baba, kula." Akarudi kulala.

Asubuhi ikawa kesi, lakini mshtakiwa hakuwa mimi. "Mumeo anakula gizani kama mwizi, ndani ya nyumba yake! Mimi nilikufunza hivyo?" Mke wangu, ambaye jana yake alinipakulia nikakataa, alinitazama kwa macho ambayo sitayaeleza hapa. Nikajitosa kumtetea. Nikaeleza kwamba watafiti wa Japani waliitangaza homoni hii mwaka 1999, kwamba inatoka tumboni, inapanda hadi kwenye ubongo...

"Hiyo si homoni," mama akanikatiza. "Hiyo ni njaa."

Kuanzia jioni hiyo nilipakuliwa ugali wa mtu mzima, dagaa na mchicha wa nazi, naye akikaa mkabala kuhakikisha. Sahani ya mkwe hairudi na kitu. Nikalala hadi alfajiri bila kuikumbuka friji, na mizani, ambayo nilikuwa naiogopa, haikusogea. Tango ninalilaumu hadharani.

Jumamosi akataka kuziona hizo mbio. Alikaa Coco kwenye kiti cha plastiki, na tuliporudi tukakuta ameagiza mihogo ya klabu nzima, yenye pilipili. Kocha akaanza onyo lake. "Na wewe baba, mbona umekonda hivyo? Kaa," akamwambia. Kocha akakaa.

Sasa amesharudi Tanga. Ajenda ya kikao kijacho ilikuwa fulana mpya, ila mtunza hazina ameomba kwanza ajulishwe nauli ya basi kutoka Tanga ni shilingi ngapi.