Namna ya Kupanda Dartmoor na Watoto wa Watu

Ukiombwa kuongoza msafara wa baiskeli wa vijana kusini mwa Devon, kule kusini-magharibi mwa Uingereza, kwanza weka hili kichwani: mwendo wa kundi ni mwendo wa mtoto wa nyuma kabisa. Si mwendo wako. Si mwendo wa kijana wa miaka 16 aliyeota ndevu tatu na kujiona bingwa wa dunia. Wala si mwendo wa yule baba aliyejitolea kusaidia, akaja na baiskeli ya bei ya gari, kisha alipouona mlima akatoweka kama moshi. Mtoto wa nyuma ndiye mwenye safari. Akisimama, mmesimama. Akitaka kujisaidia, kundi zima linajifunza subira. Nimeendesha na watoto wa klabu kwa misimu kadhaa, wa miaka 10 hadi 17, na kila safari niliyoiona ikiharibika iliharibikia hapo hapo: mtu mzima alikwenda mbele kutafuta sifa.

Kwa hiyo gawaneni kazi kabla hamjatoka. Mtu mzima mmoja akae mbele, anayeijua njia na asiye na haraka. Mwingine akae nyuma, na asimpite mtoto yeyote tangu asubuhi hadi jioni. Huyu wa nyuma ndiye mkubwa wenu, hata kama wa mbele ndiye mwenye sauti. Kila njia panda mnasubiriana na kuhesabu vichwa. Mlipotoka mlikuwa 14. Mkihesabu 13, bado hamjafika popote. Na yule baba mpeni pampu, mpeni begi la spana, mwekeni katikati. Mwendo utamkaa sawa wenyewe.

Sasa mizigo. Kuna wazazi wanaomfungashia mtoto wa safari ya siku moja kama vile anahama nyumba. Niliwahi kufungua begi la binti wa miaka 11 nikakuta masweta matatu, kitabu kinene cha hesabu, mkate mzima na chupa ya shampuu. Shampuu ya kuogea wapi, mtoni? Mtoto anahitaji koti la mvua, sweta moja, maji, chakula cha mchana, tyubu ya akiba inayolingana na tairi lake, na pesa kidogo ya keki. Basi. Koti la mvua lisibaki nyumbani hata kama jua linachoma, kwa sababu Devon ina nchi mbili ndani ya moja. Asubuhi mnaweza kuwa ufukweni Teignmouth mmevaa mikono mifupi. Mchana mko Princetown, juu kwenye nyika ya Dartmoor, zaidi ya mita 400 juu ya bahari, na mvua inakuja kwa ubavu. Mji huo mdogo umekua kando ya gereza lililoanza kujengwa mwaka 1806 kwa ajili ya mateka wa vita wa Kifaransa, na ukiukuta siku ya ukungu mzito utaelewa kwa nini walipachagua. Hata ungefunguliwa mlango, ungekimbilia wapi?

Njia za vijijini za Devon zina tabia zake. Ni nyembamba na zimezama kati ya kingo za udongo na mawe, na juu ya kingo kuna vichaka virefu kuliko mtu, kwa hiyo mnaendesha kama mmo ndani ya mtaro. Uzuri ni kwamba magari yanakwenda kushoto kama Tanzania na Kenya, mazoea ya nyumbani hayakupotezi. Kanuni za barabarani za Uingereza zilirekebishwa Januari 2022 na sasa zinasema wazi kuwa waendesha baiskeli wanaweza kwenda wawili wawili, hasa wakiwa kundi au wakiwa na watoto, na kwamba gari linalopita liache walau mita 1.5. Wafundishe watoto haki hiyo, na papo hapo wafundishe kujipanga mmoja mmoja pakiwa pembamba, na kumpungia mkono dereva aliyesubiri. Dereva aliyeshukuriwa atalisubiri na kundi lijalo.

Vichaka hivyo vinaleta na balaa lake. Kwa kawaida wakulima hawaruhusiwi kuvikata kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, kwa sababu ndege wamejenga viota humo. Septemba ikiingia, mashine zinatoka, na barabara inatandikwa miiba. Oktoba ni mwezi wa pancha. Hapa watu wazima ndipo tunapokosea zaidi, maana mtoto akipata pancha tunamrukia: "Lete, lete, nikufanyie haraka." Usimfanyie. Weka mikono mfukoni na uiache humo.

Nakumbuka binti wa miaka 12 aliyepata pancha ya gurudumu la nyuma siku ya manyunyu. Tukajibanza kwenye banda la mkulima. Wavulana wawili wakubwa wakaja na ushauri, nikawatuma wakahesabu kondoo. Binti akapindua baiskeli, akafungua gurudumu, akabandua tairi upande mmoja, akavuta tyubu. Akaijaza upepo akaipitisha polepole karibu na midomo, sehemu moja baada ya nyingine, maana ngozi ya mdomo inausikia upepo mwembamba ambao kidole hakiusikii. Alipoupata akacheka peke yake. Akakwaruza kwa msasa, akapaka solesheni, akataka kubandika kiraka papo hapo. Hapo tu nilimwambia neno: subiri ikauke. Akasubiri, akabandika, akakikandamiza kwa dole gumba huku akihesabu hadi mia moja. Kisha akafanya ambalo watu wazima wengi husahau: akapitisha kidole taratibu ndani ya tairi lenyewe, akaukuta mwiba bado umekaa, mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele. Kazi nzima ilichukua dakika 40. Tulipopoa miguu tulirukaruka, tulipoona njaa tulikula. Binti aliutia mwiba mfukoni, na siku hiyo aliendesha mbele hadi nyumbani.

Ramani pia usiing'ang'anie. Mpe mtoto. Ramani za Ordnance Survey zina vimshale vidogo juu ya barabara: kimoja maana yake mteremko wa asilimia 14 hadi 20, viwili maana yake zaidi ya asilimia 20. Vimshale vinaelekea bondeni. Anayedhani vinaelekea kileleni atawaahidi wenzake mteremko mtamu na kuwapeleka kwenye ukuta, na hiyo ndiyo shule yenyewe, kwa sababu hatakosea tena. Kosa la ramani linalowagharimu mlima mmoja wa ziada ni la bei nafuu. Mlipe kwa pamoja bila kelele.

Mlima wa kuwapeleka ni Haytor, kutokea Bovey Tracey. Ni kilometa tano au sita za kupanda karibu bila pumziko. Mwaka 2013 hatua moja ya mashindano ya Tour of Britain iliishia huko juu, na aliyeshinda alikuwa Simon Yates, kijana wa miaka 21 tu wakati huo. Waambie watoto habari hiyo mkiwa bado chini, iwatie moyo. Mkishaanza kupanda, msahauni Yates. Gia ndogo kabisa tangu mwanzo. Kaa kwenye kiti, pumua, tazama gurudumu la mwenzako na si kilele. Anayechoka ashuke asukume. Kusukuma baiskeli ni kuendelea na safari. Mkubwa atakayemcheka mdogo anayesukuma, mrudishe chini akapande naye kwa miguu, na amsimulie hadithi njiani. Dawa hiyo sijaona ikishindwa. Peremende zigawiwe kila kona, kwa haki, kuanzia wa nyuma.

Kisha mnatokea juu, ambako miti inaisha na upepo unaanza. Majabali ya granaiti ya Haytor yapo mita 457 juu ya bahari, na siku ikiwa safi mnaiona bahari yenyewe kwa mbali, na mdomo wa mto Teign, pale Teignmouth mlikoanzia asubuhi. Kila mwaka yuko mtoto anayeuliza, "Tumetoka kule?" Mjibu ndiyo, kisha nyamaza. Mwache aangalie. Huyu ni mtoto anayepelekwa shule kwa gari, mpirani kwa gari, kwa bibi yake kwa gari, na nchi yake anaijua kama kioo cha dirisha kilicholowa mvua. Sasa ameona mahali pawili kwa jicho moja na anajua kuwa katikati yake ni miguu yake mwenyewe.

Mkishapumzika, wapelekeni kwenye reli za mawe hapo karibu. Mwaka 1820 ilifunguliwa njia ya kushushia granaiti ya Haytor, na kwa kuwa chuma kilikuwa ghali na mawe yamejaa, reli zenyewe zikachongwa kwa granaiti. Mawe yaliyopita hapo yalikwenda kujenga Daraja la London lililofunguliwa 1831. Reli bado zipo kwenye nyasi. Mvulana mmoja aliweka gurudumu lake la mbele kwenye mfereji wa reli, akalisukuma hatua kumi, akasema linaingia sawasawa. Hakuna somo la historia darasani linaloweza kushindana na hapo.

Nyikani mifugo haina ua. Kondoo, ng'ombe na farasi wadogo wa Dartmoor wanalala hata barabarani, ndiyo maana magari yamewekewa kikomo cha maili 40 kwa saa. Farasi hao wanaonekana wa porini lakini kila mmoja ana mwenyewe. Hairuhusiwi kuwalisha. Wao hawajaarifiwa sheria hiyo, na mkate wa mtoto aliyeketi akiangalia upande mwingine wanauchukua bila hodi. Kuleni mkiwa mmesimama. Mkifika kwenye vyuma vya kuzuia mifugo, vile vilivyolazwa kukatiza barabara juu ya shimo, vukeni moja kwa moja, usukani umenyooka, bila kukata kona wala kubana breki ghafla, hasa vikiwa vimelowa. Hapo sina utani: nimeona meno yakivunjika.

Siku ya pwani, usiwadanganye watoto kuwa ni tambarare. Aliyezoea Bagamoyo atadhani pwani ni mchanga na minazi. Pwani ya Devon ni vilima vilivyokatwa kwa kisu. Vukeni mto Dart kutoka Kingswear kwenda Dartmouth kwa kivuko cha chini, jukwaa dogo linalosukumwa na mashua ubavuni. Aliyepanda kivuko cha Likoni ataliona kama sinia. Watoto wanalipenda kuliko chochote. Halafu ni kupanda Stoke Fleming, kushuka Blackpool Sands, kupanda tena Strete, hadi mtakapoteremkia Slapton na barabara ikanyooka ghafla juu ya ukingo wa kokoto, bahari kushoto, ziwa la maji baridi kulia.

Hapo punguzeni mwendo. Mwishoni mwa 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa vijiji vya eneo hilo, kama 3,000, walihamishwa ili majeshi ya Marekani yafanye mazoezi ya kutua Normandy. Usiku wa kuamkia Aprili 28, 1944, boti za Kijerumani ziliushambulia msafara wa meli za mazoezi, na idadi inayotajwa mara nyingi ni Wamarekani 749 waliokufa. Mwisho wa barabara hiyo, Torcross, kimesimama kifaru kilichotolewa baharini mwaka 1984, cheusi, kikubwa kuliko picha zake. Wale wavulana wa kelele nyingi wanakizunguka wakiwa kimya. Msiwaharakishe. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana, hawakuwazidi watoto hawa kwa miaka mingi.

Kisha chai. Devon skonzi hupakwa krimu kwanza, jemu juu yake. Jirani zao wa Cornwall wanaanza na jemu. Ubishi huo waachieni wenyeji, nyinyi kuleni.

Ikiwa ni ziara ya siku kadhaa mtalala kwenye hosteli za vijana, na humo mtaijua harufu ya chumba cha kukaushia: soksi 28 na viatu vya matope vikipikwa kwa moto mdogo. Aliyekuwa wa kwanza mlimani aoshe vyombo usiku wa kwanza. Simu zikusanywe saa nne usiku. Watalalamika kwa dakika kumi, kisha watalala kama magogo.

Mzazi mwenzangu, hofu yako naijua. Magari yapo, milima ipo, mvua ipo. Lakini klabu za namna hii zinaishi kwa watu wazima wachache wanaotoa Jumapili zao, na zinakufa watoto wasipoletwa. Mlete wako. Tunaondoka saa tatu asubuhi. Breki zikaguliwe Ijumaa, na shampuu ibaki bafuni.