Piza Haifiki Igoma Ikiwa Nzima

Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye mke, watoto na deni la vikoba, hapaswi kuwa na siri nyingi. Mimi ninayo moja: naipenda piza. Si kule kupenda kwa wali na maharage, unavyovipenda kwa kuwa ndivyo vilivyopo. Naipenda kwa mapenzi ya mbali, yale ya kutazama picha na kushusha pumzi. Na kama mapenzi mengi ya mbali, yamenimalizia nauli.

Tatizo ni mahali ninapokaa. Mimi ni mtu wa Igoma, kule Mwanza inakoanza kukuaga ukiishika barabara ya Musoma. Kwetu kila kitu kinafika: mitumba, dagaa, wahubiri wa spika kubwa, wagombea udiwani. Piza nayo hufika, tusiseme uongo. Ila haijawahi kufika ikiwa nzima. Hilo naweza kuliapia mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Nilikutana nayo gizani, kwenye kibanda cha video, miaka ya tisini. Ukikosa kiingilio unachungulia kwenye tundu la turubai mpaka mwenye kibanda akutandike fimbo ya miguu. Siku hiyo ilikuwa ile filamu ya mwaka 1990 ya kobe wanne wapiganaji: Leonardo, Raphael, Donatello na Michelangelo. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba hayo ni majina ya wasanii wakubwa wa Italia wa zamani. Sisi tulijua ni majina ya kobe, na mpaka leo nikionyeshwa picha ya Michelangelo mwenyewe, macho yanatangulia kutafuta gamba.

Pale mbele alikaa kijana mwenye kipaza sauti, kazi yake kututafsiria. Kiingereza chake kilikuwa cha kukisia, lakini sauti alijaliwa. Kobe wakafungua boksi, mmoja akanyanyua kipande, na uzi mweupe ukavutika toka boksini mpaka mdomoni bila kukatika. Kibanda kizima kikanyamaza kusubiri maelezo. Kijana akakohoa, akatangaza: "Hapo sasa wanakula chapati ya kwao! Ina mlenda!"

Hakuna aliyebisha. Mlenda tunaujua, unavutika vilevile.

Nikakimbia nyumbani. Mama yangu ni muuza chapati pale stendi ya Igoma, na alikuwa muuza chapati tangu mimi sijui kuhesabu chenji. Nikamwomba anipikie chapati moja tu, amwagie mlenda juu. Akaacha kusukuma, akaniwekea kiganja cha unga kwenye paji la uso kupima homa. "Ng'wanawane, umelishwa nini huko?" Nikamweleza habari za kobe wanaopigana. Mwaka ule sikutia tena mguu kwenye video.

Nilipopata kazi na mshahara wa kwanza, nikasema sasa mambo ya kusimuliwa na kijana wa kipaza sauti yamekwisha. Nikaenda mjini, kwenye hoteli moja yenye viti vya vitambaa, nikanunua piza ya shilingi elfu kumi na mbili. Dada aliyenihudumia akanionya: "Kaka, ibebe ikiwa imelala."

Kuibeba ikiwa imelala ni jambo jepesi ukiwa na gari lako. Mimi nilikuwa na daladala.

"Kaka, hilo boksi linakula siti ya mtu. Lisimamishe!" konda akaanza.

"Halisimamishwi, ndugu yangu. Lazima lilale."

"Kwani ni kichanga?"

Abiria wakacheka, nami nikaona aibu, nikalinyanyua boksi juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mpaka Mabatini nilikuwa bado na heshima yangu. Buzuruga wakaingia watu watatu na ndoo ya dagaa, mkono mmoja ukalazimika kushika bomba. Tulipofika Nyakato dereva akakwepa pikipiki. Abiria wote tukahamia upande wa kushoto, piza nayo ikahamia upande wa kushoto. Sisi tulirudi.

Nyumbani walikuwa wamekaa mkekani wananisubiri, mikono imenawishwa. Nikafungua boksi. Upande mmoja palikuwa na mkate mtupu, mweupe, umekaa kinyonge. Nyanya, jibini na nyama vilikuwa vimejibana kwenye kona moja kama watu waliokutwa na mvua wakakimbilia kibarazani kwa mtu. Baba yangu ni mzee wa Kisukuma, hapiti mbele ya kitu bila kukisalimia. Akaliinamia boksi, akasema kwa heshima: "Mwadila."

Tukanyamaza wote.

"Haiitiki," akasema. "Hii imekufa njiani."

Mama yeye aliuliza bei. Nikataja. Akafunga macho kidogo, midomo ikicheza. Enzi hizo chapati yake ilikuwa shilingi mia. "Chapati mia na ishirini," akasema taratibu, kama mtu anayesoma majina ya marehemu.

Basi nikaona kwamba kama piza haiwezi safari, itabidi izaliwe hapahapa. Unga upo, hamira ipo, nyanya ni za kumwaga. Kilichokosekana ni jibini. Na hapa sina budi kuisema aibu ya kwetu. Wasukuma ni watu wa ng'ombe. Tunajua maziwa mgando, tunajua samli, ng'ombe mwenyewe tunamjua kwa rangi na kwa mwendo. Lakini katika mababu wote wale, hakuna hata mmoja aliyekaa na maziwa yake akawaza jibini.

Nikaenda dukani kwa Mangi. Neno jibini niliona atanidhania mwalimu wa Kiswahili, nikatumia la mjini.

"Mangi, una chizi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Machizi wako stendi, kaka. Mimi nauza unga na sabuni."

"Chizi ya kula."

"Mmoja wao anakula. Jana kala ndizi zangu tatu."

Nilikuja kuipata mjini, zile pembetatu ndogo zilizofungwa karatasi ya kung'aa. Nikasambaza unga wangu kwenye sufuria, nikapaka nyanya, nikazipanga pembetatu kama vigae, nikafunika. Moto kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko, kama akina mama wanavyooka keki uswahilini. Kwa wenyewe kule Napoli, piza huingia kwenye tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 430 na zaidi, na ndani ya sekunde 60 hadi 90 iko mezani. Hayo sikuyajua. Nilikumbuka tu kwamba keki ya kipaimara ya dada yangu ilikaa saa nzima, kwa hiyo nikaipa piza dakika arobaini, kwa kuwa ni nyembamba.

Hamira niliyotia ingetosha maandazi ya msiba. Nilipokwenda kufunua, unga ulikuwa umeumuka mpaka umeshikana na mfuniko. Nikavuta kwa tambara, ukagoma. Nikavuta kwa hasira, ukaachia ghafla, mfuniko ukainama, na makaa yote yakamiminika ndani yakajipanga vizuri kuliko nilivyopanga jibini. Jibini yenyewe haikuvutika hata nusu inchi, ilikuwa imenuna tu na kubadilika rangi.

Tuliila kwa kuzunguka makaa. Baba alitafuna, akasikia kitu kikilia chini ya jino, akatema mkononi, akakiangalia. "Hii sasa ni ya Mwanza," akasema. "Kila ukigeuka, jiwe."

Miaka ikapita. Kazi ikanipeleka Zanzibar kwenye semina, na jioni ya kwanza nikakimbilia Forodhani, ile bustani mbele ya Ngome Kongwe, kwa kuwa nilisikia wana piza yao. Nikamkuta muuzaji anavuta unga mpaka unaona vidole vyake ng'ambo ya pili. Akaweka nyama ya kusaga, vitunguu, akapasua yai, akatia mayonesi na jibini, akakunja kona nne, akaitupa kwenye chuma chenye mafuta.

"Kaka, piza iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona umeikunja kama barua?"

"Shekhe," akaniuliza kwa upole wa watu wa kule, bila kuinua macho, "umekuja kula au umekuja kukagua?"

Nikala. Nikala ya pili. Ya tatu nikala ya chokoleti na ndizi, nikiwa nimeshaacha ukaguzi. Kisha likaniingia wazo ambalo kila msiba wangu huanza nalo: niwapelekee na nyumbani. Hii imekunjwa, nilijiambia. Haina cha kuhama. Hata ikisimamishwa wima, vilivyomo vitakwenda wapi?

Nilikuwa nimefikiria ajali zote za barabarani nikasahau mayonesi. Baada ya boti, nikapanda basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza, zaidi ya kilomita elfu moja, piza ikiwa kwenye begi chini ya kiti. Kabla ya Dodoma dirisha la mbele likafunguliwa. Kabla ya Singida yakafunguliwa yote. Konda akasimama katikati ya basi akauliza nani amebeba samaki, nami nikaungana na abiria kugeuka huku na huku kumtafuta mshenzi huyo. Stendi ya Shinyanga tukaagana, mimi na piza, nyuma ya vyoo. Igoma nilifika na mfuko mtupu wa nailoni, na mama akataka kujua kwa nini nimeufunga mara tatu.

Mwaka jana, nilipokuwa nimeshakata tamaa, nikasikia konda mmoja akiita abiria: "Igoma, Igoma, Igoma kwa bibi wa piza!"

Bibi mwenyewe alikuwa mama yangu. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu jinsi wenzetu wanavyopika, naye akaangalia mara moja tu. Chapati ikiwa bado kwenye chuma, anapaka rojo la nyanya na vitunguu saumu, anamwagia hoho na dagaa waliokaangwa wakavunjika, anafunika kwa mfuniko wa sufuria, anahesabu abiria wa daladala moja wakipanda, anafunua. Shilingi elfu moja na mia tano. Makonda wanakula wamesimama, wameikunja kiganjani, mkono wa pili unapiga bodi la gari.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake, mimi mtu wa makaa na mayonesi, nikaanza kumfundisha.

"Mama, hii si piza. Jibini iko wapi?"

"Mlenda?" akasema. "Sikuweka."

Nikamwambia habari za malkia Margherita wa Italia, ambaye inasimuliwa kwamba mwaka 1889 alipikiwa piza na Raffaele Esposito kule Napoli, yenye nyanya, jibini na majani ya mrehani, rangi za bendera yao. Mama akanisikiliza huku akigeuza chapati. "Na kabla ya malkia kufika," akauliza, "wao walikuwa wanakula nini?"

Swali hilo nilirudi nalo nyumbani, nikalala nalo. Maana kabla ya malkia, Napoli ilikuwa bandari, na piza kilikuwa chakula cha bei ndogo cha watu wa kazi, kinauzwa njiani, kinaliwa njiani. Iko mpaka leo piza yao iitwayo marinara, ya nyanya, kitunguu saumu na mafuta, na jibini haina kabisa. Ziko nyingine wanazopanga juu visamaki vidogo vya chumvi, ambavyo ukivimwaga pale Mwaloni Kirumba hakuna atakayekuuliza ni nini, atakuuliza sado moja bei gani. Na mwaka 1962, kule Kanada, mtu mmoja mzaliwa wa Ugiriki aitwaye Sam Panopoulos alifungua kopo la nanasi akalimwaga juu ya piza, na dunia haijamaliza kugombana. Mgiriki alipata ruhusa ya nanasi. Nani atamnyima Msukuma dagaa?

Asubuhi iliyofuata nikameza maneno yangu, nikaenda stendi kula. Saa tatu nilikuwa pale, nina njaa ya miaka thelathini na elfu tatu mkononi, nataka mbili. Chuma kimeshaoshwa.

"Zimekwisha tangu saa mbili," mama akasema. "Magari ya asubuhi."

Lazima uso wangu ulisema kitu, maana akafunua kawa akatoa sahani. "Nilikuwekea moja." Nikaitazama. Ilikuwa nusu, mahali pa kukatikia pana alama za meno machache yanayofahamika.

"Baba yako alipita," akasema.

Toka kwenye chuma mpaka kwenye ile kawa ni hatua mbili.

"Aliisalimia?"

"Kwanza kabisa. Mwangaluka, akaiambia."

"Ikasemaje?"

"Anasema hii imeitika."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaibeba ikiwa imelala.